MAJI HAYAULIZI KADI: MSAADA WA MAAFA UMFIKIE MKULIMA NA MFUGAJI KABLA MSIMU HAUJAMPITA

Ndugu wanachama,

Ujumbe huu ni mrefu kuliko matangazo tuliyozoea kutumiana humu. Tunaomba usomwe hadi mwisho, na kila balozi awasomee wale wa shina lake wasio na simu janja, maana unawahusu wao kuliko wengi wetu.

Masika yanakaribia. Mtu wa bonde hili hahitaji kufundishwa maji ni nini. Mito inayoshuka Udzungwa na ile inayotoka upande wa Mahenge yote inakuja kumwaga hapa, Kilombero unapanda, na mpunga wetu unaishi kwa maji hayo hayo. Wazee wa Kindamba waliishi na mafuriko kabla wengi wetu hatujafika. Kwa hiyo hatuandiki kuilaani mvua. Tunaandika juu ya jambo lililo mikononi mwa watu: namna mkulima na mfugaji anavyohesabiwa, anavyosaidiwa na anavyocheleweshwa maji yakishapungua.

Msimamo wa Tawi ni huu. Msaada wa unga, maharage na blanketi unaokoa wiki mbili, na ni lazima utolewe. Lakini ukiishia hapo, mwaka mzima umepotea. Tunataka Serikali yetu iwe na msaada wa pili, unaookoa msimu.

*TULIKOTOKA*

Mvua za El Nino za 2023/24 hazijasahaulika. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamefariki nchini na 236 wamejeruhiwa, kaya zaidi ya 51,000 zenye watu zaidi ya 200,000 zimeathirika, na nyumba zaidi ya 10,000 zimeharibika. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Mei, Mto Lumemo ulitoka kwenye kingo zake na maji yakaingia mitaani hapa Ifakara.

Serikali ilikuja. Tunasema hivyo bila unafiki, na mwenye kukataa anawakosea askari, watumishi na majirani walioingia majini kuokoa watu. Tunakumbuka pia Hanang, Desemba 2023, tope liliposhuka Katesh: Serikali haikuishia kwenye mahema, iliwajengea waathirika nyumba. Kwa hiyo uwezo wa kwenda mbali zaidi ya unga upo pale inapoamuliwa. Swali letu ni kwa nini uamuzi wa namna hiyo haujawa utaratibu wa kawaida kwa shamba na kwa zizi.

*KWANZA: TUNAHESABU NYUMBA, HASARA IKO SHAMBANI*

Maafa yakitokea, wa kwanza kuhesabiwa ni watu na nyumba, na ndivyo inavyopaswa. Lakini angalieni maisha yetu yalivyo. Mwanachama analala Kibaoni, Mlabani au Viwanjasitini, kwenye nyumba ya bati isiyoingiwa na maji. Shamba lake liko bondeni, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli, na limezama lote. Mtendaji anapopita na daftari anauliza: nyumba imeanguka? Haijaanguka. Mmelala nje? Hatujalala nje. Basi jina haliandikwi. Mtu huyo amepoteza chakula cha mwaka, ada ya watoto na rejesho la VICOBA, na kwenye karatasi yeye si mwathirika.

Mwingine analima kwa kukodi. Mwenye shamba anaishi mjini, pengine hata mkoa mwingine, na kodi ya msimu amekwisha kuichukua. Ikija orodha ya mashamba, linaandikwa jina la mwenye ardhi. Aliyepoteza mtaji ni yule mpangaji.

Tuifanye hesabu kwa mfano wa karatasi tu, kila mmoja ataweka bei zake. Mkulima amekodi ekari 3. Kila ekari imemla shilingi 400,000: kodi, trekta, mbegu, vibarua wa kupandikiza, palizi na mbolea. Hizo ni shilingi 1,200,000 zimelala udongoni kabla hajavuna punje. Maji yakichukua, akapewa mfuko wa unga wa shilingi 40,000, amerudishiwa sehemu 1 kati ya 30. Hatuudharau mfuko ule, maana watoto wamekula. Tunachosema ni kwamba hasara iliyobaki, zile sehemu 29, haionekani kwenye kitabu chochote. Na hasara isiyoandikwa hakuna wa kuiombea fedha.

*PILI: TEMBO ANA FOMU, MAFURIKO HAYANA*

Wanaopakana na hifadhi wanalijua hili. Tembo akiingia kwenye mpunga wako, kuna kanuni. Kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi za mwaka 2011 zilieleza shamba linapimwaje na linalipwa nini: kwa shamba lililo zaidi ya kilomita 5 kutoka mpaka wa hifadhi shilingi 100,000 kwa ekari, mwisho ekari 5, na viwango vikishuka kadiri unavyosogelea mpaka. Viwango hivyo vimelalamikiwa miaka yote kuwa ni vidogo, na malalamiko ni ya haki. Hata hivyo mtu anajua aanzie wapi, nani aje kupima, na adai kiasi gani.

Sasa badala ya tembo weka maji. Ekari ni ile ile, mpunga ni ule ule, hasara ni ile ile. Hakuna fomu, hakuna kiwango, hakuna siku ya mwisho ya kupima. Mkulima anabaki kusubiri huruma ya atakayeguswa. Tunashukuru kila mwenye huruma, lakini huruma inakwenda penye kamera, na mashamba ya ndani kabisa ya Mofu, Namwawala au Utengule hayana kamera.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imekwisha kutupa mifupa ya utaratibu huo. Imeweka kamati za usimamizi wa maafa kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi kata, kijiji na mtaa, na imeweka mfuko wa taifa wa maafa. Kinachohitajika sasa ni nyama: kiwango cha msaada kwa ekari na kwa mnyama, kijulikane kabla ya mvua. Hata kikiwa kidogo, mkulima ataweza kupanga. Ahadi ndogo inayotimia inamfaa mkulima kuliko kubwa asiyojua itakuja lini.

*TATU: KALENDA YA FEDHA NA KALENDA YA MPUNGA HAZIONANI*

Hili wanachama wengi hawalioni kwa sababu liko kwenye vitabu vya hesabu. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1 na kufungwa Juni 30. Mafuriko yetu makubwa yanakuja Machi, Aprili na Mei. Maana yake yanatukuta robo ya mwisho ya mwaka wa fedha, wakati mafungu mengi ya halmashauri yamekwisha kutumika na wahasibu wanajiandaa kufunga vitabu. Hata mkurugenzi mwenye moyo mwema, akifungua kitabu chake Aprili, anakuta amebakiwa na nini? Anaandika barua mkoani, mkoa unaandika juu, na barua inasafiri huku maji yanapungua.

Upande wa pili, shamba nalo lina kalenda yake. Maji yakishuka, udongo unabaki na unyevu kwa wiki chache. Mkulima mwenye mbegu mkononi anaweza kupanda mahindi ya muda mfupi, kunde au mboga, akapata chakula na hela ya kuanzia. Wiki hizo zikipita, ardhi inakauka na kupasuka. Mbegu ya Juni ni msaada. Mbegu ya Septemba ni zawadi, nayo huishia kuliwa au kuuzwa, wala mkulima hana lawama.

Kwa hiyo tatizo si ukosefu wa fedha peke yake. Fedha ile ile ikifika Juni inazaa, ikifika Septemba inapotea.

*NNE: MFUGAJI ANAOGOPA KUJIANDIKISHA*

Tuzungumze ukweli, maana ndani ya Tawi letu wamo wakulima na wamo wafugaji. Bonde hili limebeba ugomvi mwingi. Operesheni ya mwaka 2012 ya kuondoa mifugo bondeni iliacha makovu, na mipaka ya hifadhi bado inawafanya watu wengi wasijitokeze kusema ng'ombe wao walikuwa wapi. Maji yakipanda usiku na kuchukua ndama na mbuzi, mfugaji anakaa kimya. Akisema, anaogopa kuulizwa alikuwa anafanya nini pale. Mafuriko yakisha, mizoga inaelea na takwimu za mifugo iliyokufa zinasomeka sifuri.

Ukimya huo una gharama kwa wote. Mwaka 2007 Homa ya Bonde la Ufa, ambayo hufuata mvua kubwa na kuenezwa na mbu, iliua watu zaidi ya 100 nchini mwetu mbali na mifugo. Mkulima anayefurahi jirani yake mfugaji asipohesabiwa, anywe maziwa na ale nyama ya wapi? Chanjo na dawa ya minyoo baada ya mafuriko ni kinga ya mji mzima.

Na si kwamba Serikali haijawahi kumshika mkono mfugaji. Baada ya ukame wa 2008/2009, wafugaji wa Longido, Monduli na Ngorongoro waliobaki mikono mitupu walipewa mifugo ya kuanzia upya. Tunachoomba ni kwamba jambo hilo lisisubiri kiongozi fulani aguswe, bali liwe kwenye kanuni.

*WENZETU WAMEFANYAJE*

Kenya mwaka 2015 ilianza mpango wa bima ya mifugo katika Turkana na Wajir. Serikali iliwalipia bima wafugaji maskini kwa idadi ndogo ya mifugo, kama ng'ombe 5 kwa kaya. Setilaiti inapima majani ya malisho, na yakipungua chini ya kiwango, malipo yanatoka. Hakuna anayetumwa kuhesabu mizoga, na fedha inalenga kufika mnyama akiwa bado hai, ili mfugaji anunue malisho na dawa.

Marekani, sheria yao ya kilimo ya mwaka 2014 iliweka mpango wa kudumu: mfugaji aliyepoteza mifugo kwa hali mbaya ya hewa analipwa asilimia 75 ya bei ya soko, mradi atoe taarifa na ushahidi. Hatuna fedha za Marekani, na hatudai asilimia 75. Tunachoiga ni neno moja: kudumu. Mfugaji wa kule hasubiri msafara wa kiongozi ndipo ajue kama atasaidiwa.

Kwetu bima ya kilimo ipo. Mwaka 2023 kampuni za bima ziliungana kuanzisha umoja wa kukatia kilimo bima. Ni hatua nzuri na tunawahimiza wanachama, hasa walio kwenye AMCOS, waulizie. Lakini wasomewe masharti kwanza. Bima inayopima mvua au uoto kwa eneo zima inaweza isikulipe wakati shamba lako wewe limezama na la jirani limepona. Na mwenye ekari moja ya kukodi hataweza kulipa bima peke yake. Bima isaidie msaada wa Serikali, isiwe sababu ya kuuondoa.

*HOJA ZA WANAOTUPINGA*

Zipo hoja mbili, na zote ni nzito.

Ya kwanza: mkilipwa, watu watalima hadi mtoni. Tunakubali hatari hiyo ipo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na kulima kingoni ndiko kunakojaza tope mito yetu hadi inahama njia. Kwa hiyo tunasema wazi: shamba lililo ndani ya mita 60 lisilipwe. Mtoto wa mwenye shamba hilo apewe chakula kama watoto wengine.

Ya pili: orodha zitajaa majina hewa. Hilo nalo ni kweli, na dawa yake ni orodha kuandaliwa kabla ya mvua na kubandikwa hadharani. Majina hewa huzaliwa usiku wa kugawa. Orodha iliyobandikwa Februari kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa, kila mtu akaisoma na kubisha, ni ngumu kuichezea Mei.

*TUNACHOKITAKA*

Mapendekezo haya yatapelekwa kwenye Kata, na kwa Diwani wetu tunamwomba ayabebe hadi Baraza la Madiwani.

1. Daftari litumike lililopo. Wakulima wameandikishwa kwa ajili ya mbolea ya ruzuku tangu msimu wa 2022/23. Liongezwe mambo mawili: shamba liko wapi, na anayelima ni mwenyewe au mpangaji.

2. Mifugo itambuliwe. Kampeni ya chanjo na utambuzi iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan huko Bariadi Juni 2025 imeleta hereni za kielektroniki. Namba ya hereni iwe ushahidi wa mnyama aliyepotea majini. Na taarifa ya hasara isitumike kumshitaki aliyeitoa.

3. Tathmini ifanyike ndani ya siku 14 baada ya maji kupungua, na afisa ugani na afisa mifugo, mbele ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji, na matokeo yabandikwe.

4. Kiwango cha msaada kwa ekari na kwa mnyama kitangazwe kabla ya masika, kama ilivyo kwa wanyamapori.

5. Pamoja na chakula, halmashauri iwe na makubaliano ya mapema ya kupata mbegu za muda mfupi, chanjo na dawa, ili zitoke ndani ya wiki za unyevu.

6. Bajeti inayoandaliwa sasa iwe na fungu la maafa kutoka mapato ya ndani, lisiloguswa kwa posho wala safari hadi robo ya nne. Mwaka mvua zikiwa nzuri, Baraza liamue kwa uwazi lipelekwe kwenye mitaro na matuta.

7. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu ambavyo mashamba yao yamethibitishwa kuzama isogezewe muda wa marejesho kwa msimu mmoja.

Hakuna hata moja kati ya haya saba linalohitaji sheria mpya ya Bunge ili kuanza kuzungumzwa hapa wilayani. Kiwango cha taifa kitahitaji kanuni ya Serikali Kuu, na hilo tunamwomba Mbunge alifikishe. Mengine yanahitaji daftari, ukuta wa kubandika, na kikao cha Baraza.

*WAJIBU WETU WANACHAMA*

Wapo watakaouliza kwa nini Tawi la Chama kinachoongoza Serikali linaandika hivi. Jibu ni rahisi. Mkulima aliyezama halalamikii Idara wala Wizara, analalamika kwa balozi wake, maana ndiye anayemjua kwa jina. Sisi ndio tunaobaki naye baada ya magari kuondoka. Kuisemea hasara yake kwenye vikao ni kazi tuliyoomba wenyewe tulipochukua nafasi hizi.

Kwa sababu hiyo Kamati ya Siasa ya Tawi imeamua yafuatayo, na ni maagizo:

Kila balozi apite nyumba kwa nyumba katika shina lake kabla ya mwisho wa mwezi huu, amhimize kila mkulima na mfugaji ahakiki jina lake kwa mtendaji. Atakayekuta jina halipo alete taarifa ofisi ya Tawi, tutamsindikiza.

Balozi hatauliza kadi. Mwenye kadi yetu, mwenye kadi ya chama kingine na asiye na kadi kabisa waandikwe sawa. Maji yakija hayaulizi kadi, na atakayetumia orodha ya maafa kutafuta wanachama ataitwa kwenye kikao cha maadili.

Kiongozi yeyote wa Tawi ambaye ni mwathirika aandikwe kama wengine, na jina lake libandikwe na wengine. Asiyeathirika asionekane kwenye mgao hata kwa kilo moja.

Mwisho, wenye mashamba bondeni: pigeni picha mashamba yenu sasa mpunga ukiwa mzima, na tunzeni risiti za mbegu, mbolea na trekta. Waliokodi waandikishane kwa maandishi mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Karatasi hiyo haitazuia maji, lakini itamzuia mtu kukwambia hukuwa na shamba.

Tunawatakia msimu mwema. Mvua ije ya kutosha, na ikizidi itukute majina yetu yameandikwa.



Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya Kamati ya Siasa ya Tawi,
Ifakara